Kadi ya Saba

Kadi ya kwanza: ukungu.
Kadi ya pili: ukungu, na sikio la ngamia.
Ya tatu ngamia mwenyewe, mdomo umejaa
vichipukizi vya mti uliochukua miaka tisa
kunifika magotini.

Hapa Tawi Atair, Kisima cha Ndege,
mvua ya kharifu hainyeshi, inanyata.
Hupanda usiku usiku kutoka upande wa Mirbat,
hushika mlima kwa viganja vya maji,
na kila jani hukamua fungu lake,
tone, tone, mpaka mizizi ishibe.
Ukikata mti huku
umekata na mvua yake.

Mbubani peke yake haupendi hayo.
Umejitenga nyuma ya jabali, juani,
kama mke mwenza aliyehama nyumba
na manukato yake.

Picha elfu nne na mia tatu,
ofisi ya bati, chai ya maziwa inapoa.
Nungu, mwiba mmoja umeinama.
Pimbi watano juu ya jiwe, wamekunja nyuso
kama mashahidi wa harusi walionyimwa pilau.
Fisi wa milia anapita pembeni, haya tupu.
Simbamangu: nywele za masikio, basi.
Ninga mkuyuni, kijani ndani ya kijani,
nimemjua kwa tumbo la njano.
Na kinyonga, aliyeikalia lenzi siku mbili nzima
bila haraka ya mtu yeyote.
Chui hakuna.
Mkuu wangu Bakhiti anahesabu siku ukutani kwa chaki:
mia mbili na kumi na moja.

Nje Shivankutty anakunja mpira wa maji.
Lori lake hunywesha ngamia wa watu.
Huniita *chechi*, yaani dada kwao Wayanad,
ambako baba yake alilinda msitu wa hifadhi
kwa rungu na tochi ya betri tatu.
"Kwetu," husema, kwa Kiarabu cha kuungaunga,
"msitu unakusikia kabla hujausikia.
Ruba wanapanda kwenye soksi.
Tembo wanabomoa jiko, wanalamba chumvi,
wanaondoka, hodi hawakupiga.
Msaji ukiangusha jani, jani ni sinia.
Huu wenu ni msitu wa miezi mitatu."
Nikamwambia miezi mitatu ni mingi.
Akacheka. Hakubisha.

Kadi ya saba niliiacha mwisho,
ya korongo lisilofikika wakati wa utelezi.
Picha za Machi, mawe makavu kama magego.
Saa tisa kasoro usiku: taa za lori.
Saa tisa: mtu amechutama, kandambili, shuka kiunoni,
anamimina ndoo kwenye shimo la jiwe.
Maji yale yana hesabu, yana mwenyewe,
na korongo lile haliruhusiwi kuingiwa.
Ndoo ya pili. Ya tatu.
Anachovya kidole, anaonja,
kama mpishi asiyeuamini mchuzi wake.

Usiku wa nne, jiwe lile lile:
mabega mawili yameshuka,
madoa kama vidole vya mtoto aliyeshika masizi,
ulimi uko majini
na macho ya shaba yananitazama mimi,
mimi wa ofisini, mwenye kalamu.

Fomu ina safu mbili. Wanyama. Ukiukaji.
Nimekaa nayo tangu adhuhuri.
Chui nimemwandika: jike, tarehe, saa.
Safu ya pili nimepiga mstari.
Palipoulizwa *chanzo cha maji*
nimeandika: ukungu.

Bakhiti kazaliwa pangoni, upande ule ule.
Amesoma, akavua miwani.
"Ukungu," alisema. "Mwezi wa Machi."
Akaifuta namba ukutani kwa kiganja,
hakuandika nyingine.
Kisha, mkono bado mweupe wa chaki,
akaniuliza lori la maji hupita saa ngapi.